Panga Linalorudi Mguuni

Paukwa! Pakawa!

Wajukuu zangu, ukisafiri pwani ya Kenya, kuanzia Kwale hadi Kilifi, utaona misitu minene juu ya vilima, imezungukwa na minazi na mashamba ya mahindi. Hizo ndizo kaya za Wamijikenda. Masimulizi yao yanasema walishuka kutoka Singwaya, huko kaskazini, wakiwakimbia maadui. Walijenga miji yao katikati ya misitu na kufukia ardhini fingo, kinga waliyoibeba kutoka kwao. Kufikia miaka ya 1940 watu walikuwa wamehama. Waliobaki humo ni wafu, nao wazee huenda kumwomba Mulungu mvua inapokawia.

Sasa sikilizeni wazee wanavyoonya. Ukikata mti wa kaya, panga litaruka likukate mguu wako mwenyewe. Ukipikia kuni za kaya, wote watakaokula chakula kile wataugua. Ukijengea nguzo za kaya, nyumba itawaangukia waliolala ndani.

Hebu tazameni adhabu hizi zilivyopangwa. Hakuna radi inayoshuka kutoka mbinguni. Ni mti uleule ulioibwa unaomfuata mwizi: unamngoja msituni, unamfuata jikoni, unamkuta kitandani. Kila faida aliyoitafuta ndiyo inayogeuka kuwa adhabu yake. Aliyetunga onyo hili alimjua vizuri mwanadamu na haja zake, maana mti hukatwa kwa sababu ya moto au nyumba.

Na mlango wa kutubu haujafungwa. Mkosaji huenda kwa wazee wa kaya, akaungama, akatozwa faini ya kuku au mbuzi, na mnyama huyo huchinjwa kuomba radhi kwa koma, yaani roho za wahenga. Jambo hili wasimuliaji wengi huliruka, kwa kuwa kutisha watoto ni rahisi kuliko kuwafundisha kutengeneza walichoharibu. Mimi naona ndilo lenye uzito. Bila ya bunduki wala uzio, woga huo pamoja na faini hiyo vililinda miti mirefu na mimea adimu wakati misitu ya jirani ilipogeuzwa mashamba. Mwaka 2008 UNESCO iliingiza baadhi ya kaya hizi katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Lakini najua swali linalowawasha. Je, anayevunja kaya nzima anapatwa na nini?

Mwaka 1913 Mekatilili wa Menza, mwanamke wa Wagiriama, mojawapo ya jamii za Wamijikenda, aliwakusanya watu wake wale kiapo katika kaya yao kuu, Kaya Fungo, kwamba hawatawafanyia Waingereza kazi wala kuwalipa kodi. Serikali ilimkamata yeye na mzee Wanje wa Mwadori, ikawapeleka mbali, Kisii. Wakatoroka, wakarudi kwao. Agosti 1914 serikali ikailipua Kaya Fungo kwa baruti, ikidhani mahali pakivunjika na kiapo kitavunjika.

Je, maofisa wale waliangukiwa na nyumba? La. Mwezi uleule Uingereza iliingia vitani na Ujerumani, na msimuliaji mwenye haraka angewaambia kuwa adhabu ndiyo hiyo. Mimi siwaambii hivyo, kwa sababu vita ile iliua Waafrika wengi mno ambao hawakugusa kaya yoyote. Ninachoweza kuwaambia ni kwamba baada ya mlipuko ule Wagiriama waliinuka kupigana. Walishindwa, nyumba zao zikachomwa, wakatozwa faini kubwa. Ila kaya haikufa. Miaka michache baadaye serikali yenyewe ililazimika kuruhusu ifunguliwe tena.

Hadithi ya pili, inayohusu nguzo za wafu, ni chungu zaidi. Mzee wa Kigiriama aliyekuwa mwanachama wa gohu, chama cha watu wenye heshima kubwa, akifa huchongewa kigango, nguzo ya mti mgumu yenye kichwa cha mviringo na nakshi za pembetatu. Husimamishwa na jamaa zake ili roho yake itulie. Ikishasimama haing'olewi. Hata familia ikihama, kigango huachwa palepale kiliwe na jua na mchwa.

Ndipo wakaja wafanyabiashara wa sanaa. Vijana wenye njaa ya pesa waling'oa vigango usiku, vikauzwa, vikaishia Marekani. Mwaka 1985 mtafiti Monica Udvardy alimpiga picha mzee mmoja wa Kilifi akiwa kando ya vigango viwili vya ndugu zake. Muda mfupi baadaye vikaibwa. Miaka ikapita, na Udvardy akaja kugundua kuwa vilikuwa katika makumbusho mawili ya Marekani, kimoja Illinois na kingine Virginia.

Na adhabu ilimwangukia nani? Familia ile ilisema misiba ilianza kuwaandama wao, walioibiwa! Mkisikia hivyo mtaona ni dhuluma. Lakini katika imani ya Wagiriama, koma hawamfuati mgeni wasiyemjua. Humwendea mtoto wao na kumuuliza kigango kiko wapi. Ndiyo maana familia haikuweza kunyamaza. Iliendelea kudai, na mwaka 2007 vigango vile viwili vilirudishwa nyumbani kwao. Mwaka 2019 jumba la makumbusho la Denver nalo lilirudisha Kenya vingine 30. Makumbusho mengine bado yanavyo.

Basi, wajukuu, siku mtakapokwenda Kaya Kinondo kule Diani, mtapewa kitambaa cheusi mjifunge kiunoni kabla ya kuingia. Jifungeni. Msichume jani, msiokote ukuni, msitie jiwe mfukoni. Na mtu akija kuwauzia kigango, au akiwaahidi pesa mkamwonyeshe kilipo, mkatalieni, kisha nendeni mkawaambie wazee wa kijiji siku hiyohiyo.