Ziara za Mafunzo kwa Wazee na Wastaafu: Maana Yake, Maeneo ya Kutembelea na Namna ya Kuziandaa

Kwa kawaida, mtumishi wa umma nchini Tanzania hustaafu kwa lazima anapotimiza umri wa miaka 60, na anaweza kustaafu kwa hiari kuanzia miaka 55. Mvuvi wa Msimbati na mkulima wa korosho wa Nanyamba hawaandikiwi barua ya kustaafu. Mmoja huacha bahari pale magoti yanapokataa kupanda ngalawa, na mwingine humwachia mwanawe bomba la kupulizia salfa. Hata hivyo, wote hufikia hali moja: siku hupungukiwa na shughuli, marafiki wa kazini hutawanyika, na mazungumzo hubaki kuwa ya nyumbani peke yake. Kwa sababu hiyo, neno "mstaafu" katika makala haya linamhusu kila mzee aliyemaliza kazi yake ya kila siku, awe na pensheni au asiwe nayo.

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa ni mtu mwenye umri wa miaka 60 na kuendelea, na inawatambua wazee kuwa ni hazina ya maarifa na uzoefu. Hazina isiyofunguliwa haimfaidii mtu. Ziara za mafunzo kwa vikundi vya wazee ni njia mojawapo ya kuifungua. Makala haya yanaeleza maana ya ziara hizo, maeneo ya karibu yanayofaa kutembelewa, na hatua za kufuata ili safari iwe salama na yenye manufaa.

Ziara ya mafunzo ni nini?

Matembezi ya kawaida humpa mtu burudani, nayo ni jambo jema. Ziara ya mafunzo huongeza mambo matatu: swali ambalo kikundi kimekubaliana kulitafutia jibu, mwenyeji mwenye ujuzi wa mahali panapotembelewa, na kumbukumbu ya yale yaliyosemwa na pande zote mbili.

Jambo la tatu ndilo linalosahaulika zaidi. Mara nyingi wageni huketi, mtaalamu husema, kisha watu huondoka. Kwa wazee utaratibu huo una kasoro, kwa kuwa wengi wao walikuwapo wakati mambo yanayoelezwa yakitendeka. Waliokuwa watoto wa shule wakati treni ya Mtwara na Nachingwea ilipositishwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 sasa wamevuka umri wa miaka 70. Ziara iliyopangwa vizuri humpa mzee nafasi ya kuuliza, na pia nafasi ya kuulizwa.

Wazo hili lina mizizi kwingine duniani. Mwaka 1973, katika mji wa Toulouse nchini Ufaransa, Pierre Vellas alianzisha masomo ya chuo kikuu kwa ajili ya wastaafu, na mfano huo umeenea katika nchi nyingi, matembezi ya pamoja yakiwa sehemu ya masomo. Mtwara haihitaji kusubiri chuo cha namna hiyo. Msingi upo tayari katika mabaraza ya wazee, vikundi vya kuweka na kukopa, na jumuiya za misikiti na makanisa.

Mikindani na bandari ya Mtwara

Kwa kikundi kinachoanza, Mikindani inafaa kuwa safari ya kwanza. Iko kilomita chache kutoka mjini Mtwara, barabara ni ya lami, na majengo ya kihistoria yako karibu karibu. Boma la Wajerumani lilijengwa mwaka 1895. Mwaka 1866 David Livingstone alitua Mikindani na kuanzia hapo safari yake ya mwisho ya kuingia bara, ambayo iliishia kwa kifo chake mwaka 1873 katika nchi inayoitwa Zambia leo.

Simulizi za Mikindani huelekea sana kwa wageni waliofika kwa meli. Wazee wanaweza kuirejesha kwa wenyeji: wapagazi walikuwa nani, misafara ilipita njia zipi kuelekea Ziwa Nyasa, na familia zipi zilisalia mjini biashara ilipohama. Biashara ilihama kwa sababu inayojulikana. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianzisha mpango mkubwa wa kilimo cha karanga, na Nachingwea ikawa mojawapo ya maeneo yake. Bandari ya kina kirefu ilijengwa Mtwara na reli ikatandikwa. Mpango wenyewe ulivunjwa mwaka 1951. Reli iling'olewa baadaye, bandari ikabaki, na mji wa Mtwara ukakua kuizunguka. Kuingia bandarini kunahitaji kibali cha mamlaka husika, kwa hiyo barua ipelekwe mapema.

Naliendele: korosho na kumbukumbu

Nje kidogo ya mji kipo kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele, kilicho chini ya Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, kinachojulikana zaidi kwa utafiti wa korosho. Hapa wazee wengi ni mashahidi. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna takriban tani 145,000 za korosho ghafi. Kufikia msimu wa 1986/87 mavuno yalikuwa yameshuka hadi chini ya tani 20,000. Sababu zilikuwa zaidi ya moja. Wakulima walihamishiwa katika vijiji vya ujamaa na kuyaacha mashamba yao mbali, bei haikuwavutia, na ugonjwa wa ubwiri unga ukashambulia maua na machipukizi ya mikorosho. Matumizi ya salfa na utafiti wa mbegu bora vilisaidia zao hilo kuinuka tena.

Mtafiti kijana anaijua historia hiyo kwa takwimu. Mzee wa miaka 75 anajua ni shamba lipi lililoachwa likawa pori, mti upi haukuugua, na kwa nini jirani yake aligoma kukata mikorosho mizee. Wawili hao wakikutana chini ya mkorosho, kila mmoja huondoka na kitu. Maswali mazuri ya kupeleka Naliendele ni kama haya: Mti uliochoka ukatwe lini? Miche ya mbegu mpya inapatikana vipi? Dawa ipulizwe kwa kipimo gani ili isimdhuru mpulizaji?

Naliendele pia yako makaburi ya askari wa Tanzania waliopoteza maisha nchini Msumbiji. Kikundi chenye askari wastaafu, au wajane na ndugu wa marehemu, kinaweza kutenga muda wa kutoa heshima hapo. Ratiba ya siku hiyo isisongamane, maana mahali kama hapo hapaendwi kwa haraka.

Ghuba ya Mnazi na maingilio ya Mto Ruvuma

Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma ilitangazwa mwaka 2000, na ina eneo la kilomita za mraba 650 zinazojumuisha bahari, visiwa, mikoko na vijiji vya pwani. Ndiyo ziara yenye mambo mengi zaidi ya kuona, na ndiyo inayohitaji maandalizi makini kuliko zote.

Katika mikoko peke yake, asubuhi nzima inaweza kupita. Mzee wa pwani humtambulisha mwenzake wa bara tofauti ya mkoko, mchu, msinzi, mkandaa na mlilana, na kueleza upi ulitoa boriti za nyumba, upi ulitoa rangi ya kutilia nyavu, na upi ulitengenezea mataruma ya jahazi. Mhifadhi naye hueleza kwa nini miti hiyo sasa haikatwi ovyo: mizizi yake huzuia mmomonyoko wa ufuo, na kati ya mizizi hiyo samaki na kamba wachanga hupata maficho. Mjadala kuhusu uvuvi wa baruti, ulioharibu matumbawe katika pwani hii, nao uwe wazi. Wapo wazee waliouona ukianza, wapo waliopoteza ndugu au viungo, na wapo wanaokumbuka miamba iliyokuwa na samaki kabla yake. Ushuhuda huo humfikia kijana kwa uzito ambao bango haliwezi kuubeba.

Msimbati pia ni mahali gesi asilia ilipogunduliwa mwaka 1982. Bomba la kuipeleka Dar es Salaam kutoka Madimba lilizinduliwa mwaka 2015, baada ya mabishano makali yaliyotikisa Mtwara mwaka 2013. Mitambo haiingiliwi bila kibali, lakini kikundi kinaweza kuomba mtaalamu aje kuzungumza nacho. Ni haki ya mzee aliyeishi juu ya rasilimali hiyo kuelezwa inavyochimbwa na inavyonufaisha eneo lake.

Ratiba ya Msimbati huamuliwa na maji. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, bahari hupwa mbali na kujaa sana. Wakati wa maji mafu tofauti ni ndogo. Anayetaka kuona miamba na mikoko kwa miguu achague saa za kupwa, na arejee nchi kavu kabla maji hayajaanza kupanda. Pembezoni mwa Mto Ruvuma kuna mamba na viboko, hivyo kikundi kisikaribie maji bila mwenyeji. Aidha, mto huo ni mpaka wa nchi. Tangu machafuko ya Cabo Delgado yalipoanza mwaka 2017, safari yoyote ya mpakani inapaswa kuanza kwa kuutaarifu uongozi wa kijiji na vyombo vya ulinzi, na kufuata ushauri watakaoutoa.

Hatua za kuandaa ziara

Kwanza, kikundi kiwe na uongozi na orodha ya wanachama. Kikundi cha kijamii husajiliwa katika halmashauri kupitia Afisa Maendeleo ya Jamii, na usajili hurahisisha maombi ya vibali. Kikundi ambacho hakijasajiliwa kinaweza kuanza kwa Mtendaji wa Kijiji au Kata na kuomba barua ya utambulisho.

Pili, tarehe ichaguliwe kwa kuzingatia majira. Miezi ya Juni hadi Septemba ni mikavu na ina hali ya hewa nzuri zaidi. Kuanzia Oktoba wazee wengi huwa katika mavuno ya korosho, na baada ya hapo mvua huharibu barabara za vumbi.

Tatu, fedha zikusanywe kidogo kidogo. Watu 24 wakichanga shilingi 2,000 kila wiki kwa wiki 12, hupata shilingi 576,000. Fedha hizo zigawanywe mapema katika usafiri, viingilio, chakula na akiba ya dharura. Ada za hifadhi na taasisi za Serikali hulipwa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, na risiti hudaiwa. Asiyeweza kuchanga asiachwe. Anaweza kuchangia kwa muhogo, nazi au simulizi, na kikundi kikaamua hivyo katika mkutano, si kwa kumnong'onezea pembeni.

Nne, wanawake wafikiriwe. Bibi wengi hulea wajukuu na hawawezi kulala nje ya nyumba. Safari ya kuondoka asubuhi na kurejea kabla ya magharibi, pamoja na mpango wa jirani wa kuangalia watoto, huwawezesha kushiriki. Safari ndefu, kama ile ya Kilwa Kisiwani, iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, iandaliwe baada ya kikundi kupata uzoefu.

Afya na usalama

Siku chache kabla ya safari, kila mzee apime shinikizo la damu katika zahanati iliyo karibu. Dawa za presha na kisukari zibebwe na mwenyewe, zikitosha siku mbili hata kama safari ni ya siku moja, pamoja na kadi ya bima au kitambulisho cha matibabu ya wazee. Mwenye kisukari asikose kitu cha kula njiani. Gari lisimame kila baada ya saa moja na nusu mahali penye choo. Mwenyeji aulizwe mapema kuhusu kivuli, viti, ngazi na umbali wa kutembea, kwa kuwa mchanga wa Msimbati humchosha anayetumia mkongojo. Gari liwe na leseni ya kubeba abiria na bima iliyo hai, na vijana wawili au watatu wenye nguvu wasafiri pamoja na kikundi. Vijana hao watasaidia kubeba, na pia watasikia.

Baada ya safari

Ziara haijaisha gari linaporudi. Ndani ya wiki mbili, kikundi kikutane kwa saa moja na kujibu maswali matatu: Tulijifunza nini? Tulieleza nini ambacho wenyeji hawakukijua? Nani mwingine anapaswa kukisikia? Sauti zilizorekodiwa kwa simu zipewe majina, tarehe na mahali, kwa ridhaa ya aliyezungumza, na nakala ipelekwe kwa Afisa Utamaduni na kwa shule ya kijiji. Walimu wanaofundisha somo la Historia ya Tanzania na Maadili wana uhitaji mkubwa wa simulizi za mahali wanapofundishia.

Kila mwaka wazee kadhaa huzikwa na yale wanayoyajua kuhusu bandari, korosho, mikoko na mto. Vikundi vinavyotaka kuanza vinashauriwa kumwona Afisa Maendeleo ya Jamii au Afisa Ustawi wa Jamii wa kata, na kuleta majina ya wanachama, mahali wanapotaka kwenda na swali moja wanalotaka kulijibu.