Hofu ya Mgonjwa Nayo Ni Kazi ya Hospitali

Mlipuko wa Ebola uliotangazwa Mangina, katika eneo la Beni, mashariki mwa Kongo, tarehe 1 Agosti 2018 ulipokwisha Juni 2020, watu 2,287 walikuwa wamefariki. Wanasaikolojia waliofanya kazi pamoja na madaktari walikuta watu wanaoogopa kituo cha matibabu kuliko ugonjwa wenyewe. Hawakuwa wajinga. Tangu 2014 eneo hilo lilikuwa linazika waliouawa usiku, na mgeni aliyefunikwa uso, hata akiwa daktari, hakuwa mtu wa kuaminiwa.

Kumwambia mgonjwa mwenye hofu hiyo "jikaze" hakusaidii. Mwanasaikolojia alimweleza atakachofanyiwa kabla hajachomwa sindano, akawasikiliza ndugu zake, akahakikisha wanaonana. Beni vilitumika vyumba vya plastiki angavu, ndugu wakamwona mgonjwa wao akiwa hai. Waliopona waliajiriwa kulea watoto ambao mama zao walikuwa wamelazwa. Haya yaliokoa maisha, kwa sababu majaribio ya dawa ambayo matokeo yake yalitolewa 2019 yalionyesha kwamba waliotibiwa virusi vikiwa bado vichache, kwa dawa mbili zilizoonekana bora, walipona karibu tisa kati ya kumi. Aliyeshinda hofu aliwahi, aliyewahi mara nyingi alipona.

Saratani haiambukizi, lakini nayo huogopwa hivyo hivyo, na mtu huchelewa hivyo hivyo. Ebola huamuliwa kwa wiki chache. Saratani hudai miezi, pengine miaka. Anayehitaji mionzi huenda akavuka mpaka Kasindi hadi Kampala, kwenye Taasisi ya Saratani iliyoanzishwa 1967, huku shamba la kakao likibaki bila mtu. Mwanasaikolojia hapa hutenganisha huzuni ya kawaida na sonona inayohitaji tiba, na humsaidia mgonjwa asikatishe matibabu nusu njia.

Hukutana pia na familia zinazomficha mgonjwa jina la ugonjwa wake. Wao huita hilo huruma. Mimi naona ni kumwacha mgonjwa peke yake, maana minong'ono ya mlangoni anaisikia.

Ila maumivu ya saratani iliyoingia mifupani hayatulizwi kwa mazungumzo. Shirika la Hospice Africa Uganda, tangu 1993, hutumia mofini ya kunywa. Bila dawa kama hiyo, mwanasaikolojia anaombwa muujiza.

Vituo vya mlipuko ule wa Ebola vilifungwa, lakini wenyeji waliofunzwa kazi hii wakati ule wapo. Hospitali za Beni na Butembo ziwape chumba, na ziwaite siku ileile mgonjwa wa saratani anapopewa jibu la vipimo, si baada ya dawa kushindwa.