Ni 'gifu' au 'jifu'? Usikubali matamshi yakunyime kazi unayoijua

Kama umewahi kujifundisha kitu peke yako usiku, simu ikiwa na chaji asilimia nne na bando likikaribia kuisha, hii stori ni yako.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili. Karo ilikataa kabisa, na jamaa waliokuwa wakichanga walikuwa wamechoka. Nikarudi mtaani, nikapata kibarua kwenye saiba: kupiga chapa barua za watu, kuwajazia fomu, kutoa nakala za vitambulisho. Jioni wateja wakipungua, nilikuwa najifundisha kuandika programu. Nilisoma kila nilichopata. Lakini kumbuka, nilikuwa nasoma tu. Hakukuwa na mwalimu wala darasa la kunitamkia yale maneno. Kila neno nililipa sauti yangu mwenyewe, vile mtu aliyesoma Kiswahili shuleni angelisoma: silabi kwa silabi.

Siku moja nikaitwa mahojiano ya kazi kwenye kampuni fulani hapa Nairobi. Ofisi ya zulia, kahawa ya mashine, wasee watatu upande wa pili wa meza. Mmoja akaniuliza ningefanya nini tovuti ikiwa inajikokota. Swali hilo nililijua kama njia ya kwenda kwetu. Nikaeleza kwamba vitu vinavyoitishwa mara kwa mara unavihifadhi karibu, ili seva isivitafute upya kila mtu akifungua ukurasa. Kisha nikataja jina la hifadhi hiyo, lile linaloandikwa c, a, c, h, e. Nikasema "kache".

Kimya. Halafu mmoja wao akacheka kidogo: "Ooh, unamaanisha keshi?"

Kumbe neno linatamkwa sawa na pesa taslimu! Keshi, ile ile ambayo sikuwa nayo mfukoni. Wenzake wakatabasamu. Nami nikajikunja kama konokono aliyeguswa. Swali lililofuata lilikuwa la hifadhidata, kitu nilichokuwa nikifanya kila wiki. Lakini sikujua jina SQL linatamkwaje, kwa hivyo nikajibu, "Hiyo sijaifanya sana."

Soma hapo tena. Nilikana kitu ninachokijua kwa sababu niliogopa kukitamka. Kazi sikuipata. Siwezi kuapa kwamba ni kile kicheko kilichoninyima. Ninachojua ni kwamba baada ya kicheko sikujibu tena kama mtu anayetaka kazi.

Niliporudi mtaani nikaanza kuchunguza: nani hasa huamua jinsi maneno haya yanavyotamkwa? Nilichokipata kilinifanya nicheke mimi pia. Hata waliobuni vitu hivi hawajawahi kukubaliana na wanaovitumia.

Chukua GIF, zile picha zinazojirudiarudia unazotumia kumjibu mtu ukikosa maneno. Ziliundwa mwaka 1987 na timu ya Steve Wilhite kwenye kampuni ya Marekani iitwayo CompuServe. Wilhite alisema herufi ya kwanza ni 'j' kama ya jiko. Mwaka 2013 alipopewa tuzo ya Webby, hakutoa hotuba ndefu. Alionyesha GIF iliyosema hivyo, yakaisha. Lakini yaliisha? Wapi! Watu walimkatalia mwenye mali hadharani. Hoja yao: G inasimamia neno la Kiingereza la michoro, ambalo huanza na 'g' kama ya gari. Upande wa pili nao ukajibu: basi JPEG tuiite 'jeifegi', kwa sababu P yake inatoka kwa neno linaloanza na sauti 'f'. Wilhite alifariki mwaka 2022 akiacha ubishi ukiendelea.

SQL nayo ina kisa chake. Mwaka 1974, Donald Chamberlin na Raymond Boyce wa kampuni ya IBM waliiita SEQUEL. Jina likagongana na alama ya biashara iliyosajiliwa na kampuni ya kuunda ndege ya Uingereza, basi wakalipunguza likabaki herufi tatu. Wapo wanaotamka herufi moja moja, 'es-kyu-eli'. Wapo walioshikilia jina la zamani, ambalo Mkenya akilisema kwa haraka linasikika kama 'si kweli'. Kwa hivyo msee akikuambia kwa madharau kwamba umeitamka vibaya, jibu unalo tayari: si kweli.

Kifaa kile kinachosambaza intaneti nyumbani, Mwingereza hukiita 'ruta', Mmarekani 'rauta'. Hata hiyo keshi iliyonitoa jasho, Waaustralia wengi huitamka 'keishi'. Tena asili yake ni neno la Kifaransa lenye maana ya kuficha. Yaani walionicheka walikuwa wanatumia matamshi ya baadhi ya nchi na kuyafanya sheria ya dunia.

Halafu kuna maneno ambayo sisi ndio tunayapatia. Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki nchini Finland, alianza kuunda Linux mwaka 1991. Wazungumzaji wa Kiingereza wakaanza kubishana: 'lainaksi' au 'linaksi'? Mwaka 1994 yeye mwenyewe akarekodi sauti fupi akisema anavyolitamka. Lisikilize. Ni karibu sana na 'linuksi', vile vile shosho yako angelisoma ukimwandikia kwenye karatasi.

Na Ubuntu? Mfumo huo ulitolewa mwaka 2004 na mradi wa Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Jina ni la Kinguni, ndugu wa damu wa neno letu 'utu'. Kuna wageni wanaoanza na 'yu', yaani 'yubuntu', na hakuna anayewafukuza kwenye mahojiano. Vilevile kuna TeX, programu ya Donald Knuth ya kupanga vitabu vya hisabati. Herufi zake ni za Kigiriki na ya mwisho ina sauti ya 'kh'. Wengi Ulaya na Marekani husema 'teki' tu. Mtoto wa Lamu anayesema 'kheri' na 'sheikh' tangu utotoni ana sauti hiyo tayari mdomoni.

Sasa tuseme ukweli kuhusu sisi wenyewe. Kwa nini lile tabasamu la ofisini liliniuma hivyo? Kwa sababu nchi hii tumelelewa tukichekana matamshi. Tangu darasa la kwanza, aliyebadilisha 'l' na 'r' aliitwa wa kushrabu na darasa zima likaangua kicheko. Kisha anayetwenga kama aliyezaliwa ng'ambo, hata kama hajawahi kupita uwanja wa ndege, tunamchukulia kuwa ndiye mwenye akili. Tukikua tunabeba kipimo hicho hadi kwenye kazi. Tunasikiliza lafudhi, hatusikilizi jibu. Na anayeumia zaidi ni yule aliyejifundisha kwa kusoma, kwa sababu kosa lake ndilo linalosikika wazi. Ukiniuliza mimi, mtu anayesema 'kache' lakini anajua inavyofanya kazi amekuonyesha kitu kimoja: alisoma peke yake mpaka akaelewa. Hiyo ni sifa kubwa.

Lakini usinielewe vibaya. Sisemi kila mtu ajitamkie apendavyo. Mwaka jana nilipata kazi ya kumtengenezea mama mmoja wa duka la jumla mfumo wa kurekodi mauzo. Siku moja mfumo ukawa unaonyesha bei za zamani. Nikampigia simu, nikajitia ustaarabu na matamshi yangu mapya: "Mama, futa keshi halafu ufungue tena."

Upande wa pili nikasikia pumzi ikikatika. "Nifute keshi? Kijana, hiyo ni pesa ya wiki nzima!"

Nilikuwa nimelitamka sawasawa kabisa, na bado nilikuwa nimemweleza vibaya. Ilibidi nianze upya: "Mama, pesa zako ziko salama. Mashine imeshikilia bei za zamani kwenye kumbukumbu. Tunataka izisahau ichukue mpya." Alielewa mara moja. Dakika mbili baadaye bei zilikuwa sawa na tulikuwa tunacheka sote.

Simu hiyo ilinifunza kuliko yale mahojiano. Matamshi sahihi ni yale yanayomfikishia ujumbe mtu uliye naye. Ofisini sema wanavyosema wenzako, ili msipoteze muda. Kwa mteja, sema maana yake na uachane na jina.

Kwa hivyo, wewe unayejiandaa kwa mahojiano wiki ijayo, fanya hivi. Andika maneno kumi ya kazi yako ambayo umeyasoma tu bila kuyasikia. Tafuta video ya mtu anayeyatumia, uyaseme kwa sauti hata kama wenzako wa nyumba watadhani umerukwa na akili. Ukifika pale ndani na ukakosea, usijikunje kama mimi. Sema, "Asante, nimekuwa nikilisoma tu," kisha umalizie jibu lako. Kuuliza si ujinga, na kusahihishwa si aibu.

Na wewe uliye upande wa pili wa meza, ukisikia 'kache', meza hicho kicheko. Litumie neno kwa matamshi yako kwenye swali linalofuata. Atalisikia na atalishika. Muhimu zaidi, msikilize mpaka mwisho. Huenda aliye mbele yako ndiye pekee siku hiyo anayejua kwa nini tovuti yenu inajikokota.

Mimi siku hizi nasema keshi. Lakini nikiwa peke yangu usiku, nikisoma, kichwani bado linasomeka 'kache'. Nimeamua kuliacha hivyo. Ndivyo nilivyojifunza.