SAMAKI WA MAWENI KATIKA MWAMBAO WA NYASA

Wananchi na watumishi wanaosafiri kwa chombo kati ya Mbamba Bay na Liuli, katika Wilaya ya Nyasa iliyomegwa kutoka Mbinga, wanajulishwa kuwa mawe yaliyo majini kandokando ya Kisiwa cha Lundo ni makao ya mbuna, samaki wadogo wenye rangi nyingi. Jike hulea mayai kinywani, na mbuna hawavuki kwa urahisi mchanga wala kilindi. Hivyo baadhi ya aina huishi katika mawe ya mahali pamoja tu duniani. Kuwahamisha huchanganya mbegu. Kuwavua kupita kiasi huweza kuitokomeza aina nzima. Wageni waonyeshwe samaki hao majini, wala wasiondoke nao.