Hekta moja ya chai: hesabu inaanzia kwenye mapengo

Mchai ukiachwa bila kukatwa hupanda juu ukawa mti, hutoa maua meupe yenye njano katikati, kisha mbegu. Mkulima wa Rungwe au Mufindi hayataki maua hayo. Huukata usimzidi kiuno na kuuchuma mara kwa mara, kwa sababu kiwanda kinanunua majani mawili na kichipukizi chake.

Chipukizi moja la namna hiyo lina uzito wa karibu gramu 1. Kwa hiyo kilo 1 ya majani mabichi ni kama machipukizi 1,000, na kwa kuwa sehemu kubwa ya uzito huo ni maji, zinahitajika takriban kilo 4.5 za majani mabichi kupata kilo 1 ya chai kavu. Ni machipukizi 4,500, na yote yamepita mkononi mwa mchumaji au kwenye mkasi wake.

Wajerumani waliujaribu mmea huu Amani, Usambara, mwaka 1902, na Kyimbila, karibu na Tukuyu, mwaka 1904. Uzalishaji wa kibiashara ulianza 1926. Vita Kuu ya Pili ilipozuka, mashamba ya Wajerumani yalitwaliwa, na kampuni ya Brooke Bond ikaingia Mufindi mwaka 1940. Michai ya zamani ilioteshwa kwa mbegu, na kila mbegu huzaa mche wenye tabia yake: mmoja unachipua upesi, jirani yake umedumaa. Baadaye vikaja vikonyo. Jani moja na kipande kifupi cha shina hupandwa kwenye kiriba, na mche unaotoka unafanana kabisa na mama yake. Hapo mkulima akaweza kuchagua mchai mmoja bora na kuuzidisha kwa maelfu.

Maelfu hayo ndiyo gharama. Ukipanda kwa mita 1.2 kati ya mistari na sentimita 60 kati ya mche na mche, hekta inameza miche 13,889. Bei ya mche ikipanda shilingi 100 tu, bajeti yako inaongezeka karibu shilingi milioni 1.39. Mche unakaa kitaluni mwaka mmoja hadi mwaka na nusu, na mavuno ya maana huanza kwenye mwaka wa tatu shambani. Fedha hiyo yote inatoka kabla ya kilo ya kwanza kupimwa.

Mbolea nayo inakwenda kwa hekta. Ukilenga kilo 150 za naitrojeni kwa mwaka kwa kutumia NPK 25:5:5, unahitaji kilo 600, yaani mifuko 12 ya kilo 50.

Maji ndiyo yanayozitenganisha Rungwe na Mufindi. Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na kiangazi chake ni kifupi. Mufindi hukauka kuanzia Mei hadi Novemba. Kumwagilia milimita 3 kwa siku ni lita 30,000 kwa kila hekta, kila siku. Kampuni yenye bwawa na pampu inaweza. Mwenye robo hekta anasubiri mvua.

Kwa hiyo mkulima mdogo atafute faida mahali anapoweza kuifikia, na kwa maoni yangu mahali hapo ni kwenye mapengo. Chukua hekta inayotoa kilo 2,000 za chai kavu, sawa na kilo 9,000 za majani mabichi. Kila mchai umechangia karibu gramu 648 za majani, au gramu 144 za chai kavu. Ukitumia gramu 2 kwa kikombe, hivyo ni vikombe 72 kwa mwaka kutoka kwenye mchai mmoja. Mchai mmoja katika kila kumi ukifa, umebaki na mapengo 1,389 na umepoteza kilo 900 za majani. Palizi haipungui hata kidogo. Inaongezeka, maana magugu hushamiri pale jua linapofika chini, wakati chai iliyoshonana huyafunika yenyewe.

Nimesikia wengi wakizungumzia kupanua shamba kila bei inapotia moyo. Naomba wafanye hesabu nyingine kwanza. Pita kila mstari kabla ya mvua za Desemba, hesabu mashimo yaliyo wazi, na uagize miche ya kuyajaza kabla hujafyeka hata mita moja ya shamba jipya.