Kujibu Maswali ya Hadhira: Mfano wa Bwawa la Magwagwa

Uwasilishaji wa hoja huwa haujakamilika hadi maswali ya hadhira yajibiwe. Tuchukue mfano wa Magwagwa, Kaunti ya Nyamira, ambako limependekezwa bwawa la kuzalisha umeme katika Mto Sondu. Mtaalamu aelezapo megawati, mkulima wa majani chai huwaza shamba lake litakwenda wapi.

Kwanza, swali lirudiwe kwa sauti ili wote walisikie. Liulizwapo kwa Ekegusii, litafsiriwe. Pili, maswali yanayofanana yajibiwe kwa pamoja. Tatu, jibu liguse kiini. Aulizaye kuhusu ardhi aelezwe kwamba Ibara ya 40 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inadai fidia ya haki, kamili na ya haraka. Nne, msemaji akiri asilolijua, aliandike, kisha ataje siku ya kulijibu. Kukisia ni hatari, kwani ahadi ya jukwaani hushikiliwa na mwenye shamba kama hati.

Aidha, anayeuliza asihesabiwe mpinzani. Ibara ya 10 inautaja ushirikishaji wa wananchi miongoni mwa maadili ya kitaifa. Wahenga nao walishasema: kuuliza si ujinga.