Mkihama, Acheni Kibao: Kuelekeza Anwani za Tovuti kwenye Lodi Balansa

Mdogo wangu alimaliza kidato cha sita na kurudi nyumbani Zombo. Kwa wasiopajua, Zombo ni kata ya wilaya ya Kilosa, upande wa jimbo la Mikumi, jirani na kata inayoitwa Ulaya. Ndiyo, sisi kwenda Ulaya hatuhitaji pasipoti. Tunachohitaji ni mtandao, na huo ukija unakuja na ile herufi moja ya E juu ya kioo cha simu.

Aliona tangazo la chuo kimoja, ambacho sitakitaja, limebandikwa ubaoni. Chini kulikuwa na anwani ndefu ya fomu ya maombi. Akainakili kwa kalamu kwenye daftari, herufi kwa herufi. Siku ya mwisho ya dirisha la maombi akapanda bodaboda hadi Mikumi, akaingia steshenari, akalipia kompyuta na kuichapa anwani ile. Ukafunguka ukurasa mzuri wenye picha za wahitimu waliovaa majoho. Akanipigia.

"Kaka, imefunguka ila fomu haipo."

Mimi nilikuwa naingia kwenye test. Nilipotoka, nikaipata fomu ndani kabisa, menyu ya tatu, lakini yeye alikuwa ameshaondoka asikose usafiri wa kurudi, na nyumbani mtandao ulikataa. Dirisha likafungwa saa sita usiku. Awamu ya pili aliomba, ila kozi aliyoitaka ilikuwa imejaa.

Nilipopima baadaye nikagundua chuo kile kilikuwa kimehamia anwani mpya. Fundi wao hakusahau kuelekeza wageni wa anwani ya zamani. Alielekeza, ila alimpeleka kila mtu mlango wa mbele, hata aliyekuwa anataka chumba namba saba. Mimi nasoma ualimu, masomo yangu ya kufundishia ni Hisabati na Kompyuta, kwa hiyo nimeona niandike jinsi kazi hii inavyofanywa vizuri. Wengi wetu tutakuja kupewa tovuti za shule, klabu na halmashauri tuzisimamie.

Lodi balansa ni nani?

Fikiria foleni ya chakula kafeteria saa saba mchana. Madirisha yako matatu, na mbele kasimama mtu mmoja anayesema: wewe nenda la kwanza, wewe la pili, lile la tatu limeishiwa wali usiende. Huyo ndiye lodi balansa. Tovuti ikiwa na watu wengi, kama siku ya matokeo, seva moja haiwezi kuwahudumia wote. Zinawekwa seva kadhaa, na mbele yake anasimama huyu mgawa mzigo. Programu zinazofanya kazi hii ni kama HAProxy na Nginx, na kampuni za wingu nazo zina za kwao.

Kwa kuwa kila mgeni anapita kwake kwanza, yeye ndiye mahali pazuri pa kuweka kibao cha "tumehamia". Ukikiweka ndani ya kila seva, utakuja kusahau moja, na mgeni atapata jibu tofauti kutegemea dirisha aliloangukia. Ukikiweka kwa lodi balansa, unaandika mara moja, na seva za ndani hata hazisumbuliwi.

Kibao chenyewe ni jibu fupi. Brauza inaomba ukurasa, lodi balansa inajibu kwa namba inayoanza na 3 pamoja na mstari unaoitwa Location wenye anwani mpya. Brauza inaenda huko yenyewe. Mgeni hata hajui kama amehamishwa.

301 au 302: mfano wa Kilosa

Namba mbili zinazotumika zaidi ni 301 na 302, na watu huzichanganya sana. Mimi nazikumbuka kwa mambo ya kwetu.

Mwaka 2012 Gairo ilimegwa kutoka Kilosa ikawa wilaya kamili. Mtu wa Gairo aliyezoea kufuata huduma za wilaya Kilosa aliambiwa: ya kwako sasa yako Gairo, usirudi tena huku. Hiyo ni 301, yaani kuhama kwa kudumu. Brauza ikipewa 301 inaweza kuitunza kichwani, na safari ijayo ikaenda moja kwa moja bila kuuliza. Injini za kutafuta kama Google nazo huanza kuihesabu anwani mpya.

Mwishoni mwa 2009 na Januari 2010 mafuriko yalipiga Kilosa na kuharibu reli ya kati. Abiria wa Dar es Salaam wakawa wanapanda basi hadi Dodoma ndipo wakutane na treni. Hakuna aliyesema stesheni ya Dar imefutwa. Ilikuwa pitieni huku kwa sasa, tukimaliza matengenezo mtarudi njia yenu. Hiyo ni 302, yaani kuhama kwa muda.

Ukitoa 302 mahali pa 301, madhara ni madogo: kila siku mgeni atapita njia ndefu. Ukitoa 301 mahali pa 302, umejifunga. Brauza za watu zimeshaikariri, na hata ukifuta kibao chako, simu ya mtu wa Zombo inaweza kuendelea kwenda kusikofaa. Ndiyo maana mafundi makini huanza na 302, wakapima kila kitu, wakiridhika ndipo wabadilishe iwe 301.

Zipo pia 307 na 308. Hizi ni ndugu wa 302 na 301, ila zinahakikisha kwamba mtu aliyekuwa anatuma fomu, fomu yake inafika ikiwa bado na taarifa. Kwa 301 au 302 brauza inaweza kugeuza kutuma kuwa kuomba tu, na alichojaza kikapotea njiani. Ukihamisha anwani inayopokea fomu, tumia hizi.

Mpeleke chumbani, usimwache getini

Hapa ndipo mdogo wangu alipokwama. Anwani ina sehemu zake: itifaki (http au https), jina la mwenyeji, namba ya poti, njia, na maswali yanayokuja baada ya alama ya kuuliza. Ukihama, mara nyingi kinachobadilika ni jina tu. Vingine vyote vinatakiwa vibebwe vilivyo.

Chukua mfano halisi hapa Morogoro. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kilikuwa kinatumia suanet.ac.tz, na leo kinatumia sua.ac.tz. Hazina yake ya tasnifu na makala inaitwa SUAIRE. Ukipekua marejeo ya tasnifu za zamani utakuta anwani za aina ya suaire.suanet.ac.tz:8080/xmlui/handle/ zikifuatiwa na namba za kazi husika. Anwani za sasa ni suaire.sua.ac.tz/handle/ na namba. Tasnifu iliyochapwa na kufungwa jalada gumu haiwezi kuhaririwa, kwa hiyo anwani ile ya zamani itakaa kwenye karatasi miaka yote.

Tuchukulie sisi ndio tumepewa zoezi hilo, na lodi balansa yetu ni Nginx. Tungeandika hivi:

server {
  listen 80;
  listen 8080;
  server_name www.suaire.suanet.ac.tz;
  rewrite ^/xmlui/(.*)$ https://www.suaire.sua.ac.tz/$1 permanent;
  return 301 https://www.suaire.sua.ac.tz$request_uri;
}

Tuisome polepole. Mistari ya listen inasema tunasikiliza poti 80 na 8080. Wengi hapo husahau 8080, halafu anwani zote zenye namba hiyo zinakufa hata kama kibao kipo, maana mgeni anagonga mlango usio na mtu. Mstari wa rewrite unachukua kila kinachofuata xmlui, unakitunza kama $1, na unakipachika kwenye anwani mpya. Neno permanent ndilo linaloleta 301. Mstari wa mwisho ni kwa njia nyingine zote: $request_uri inabeba njia pamoja na maswali yake.

Sasa angalia ubaya ulivyo mwepesi. Futa $request_uri tu, neno moja, na kila mgeni ambaye njia yake haianzi na xmlui anaishia ukurasa wa mbele. Kwa mtu mwenye bando kubwa hapo kampasi ni kero ndogo, atabonyeza-bonyeza hadi apate. Kwa aliyekodi kompyuta kwa dakika, ni mwisho wa safari.

Mambo mawili yasiachwe. Kwanza, jina la zamani liendelee kulipiwa. Likiisha muda, hakuna lodi balansa itakayokuokoa, na mtu mwingine anaweza kulisajili akawapokea wageni wako. Pili, kama anwani ya zamani ilikuwa ya https, cheti chake cha usalama kiendelee kuwa hai pia, maana brauza hukagua cheti kabla ya kusoma kibao.

Kizunguzungu

Kosa lingine maarufu ni mzunguko usioisha. Mara nyingi lodi balansa ndiyo inayoshughulika na https ya nje, halafu ndani inaongea na seva kwa http ya kawaida. Seva nayo imeambiwa: ukiona http, mrudishe mtu kwenye https. Mgeni anakuja na https, lodi balansa inapeleka ndani kwa http, seva inasema nenda https, mgeni anarudi, hivyo hivyo. Baada ya mizunguko kama 20 brauza inakata tamaa na kuandika kwamba imeelekezwa mara nyingi mno.

Dawa ni lodi balansa iiambie seva ukweli, kwa kichwa cha ujumbe kinachoitwa X-Forwarded-Proto, kwamba huyu mgeni tayari alikuja na https, na seva isome hicho. Au kazi yote ya kuelekeza iachiwe lodi balansa peke yake.

Mnyororo nao si mzuri. Http inakupeleka https, hiyo inakupeleka kwenye www, hiyo inakupeleka jina jipya. Kila hatua ni safari nzima ya kwenda na kurudi. Kwenye Wi-Fi ya maktaba hutaona tofauti. Kwenye E ya Zombo, safari tatu zinatosha kumfanya mtu afunge simu. Andika sheria yako impeleke mgeni mwisho wa safari kwa ruko moja.

Pima kabla hujaondoka

Huhitaji kompyuta ya gharama. Hata simu ya Android yenye Termux inatosha. Andika:

curl -I "http://anwani-ya-zamani/njia/nzima?swali=1"

Utaona namba ya jibu na mstari wa Location. Jiulize maswali manne. Namba ndiyo niliyoikusudia? Njia imebebwa yote? Maswali baada ya alama ya kuuliza yapo? Nikiongeza L, yaani curl -IL, nafika kwa ruko moja na mwisho napata 200? Usipime ukurasa wa mbele tu, huo hufanya kazi hata kwa aliyekosea. Pima anwani ndefu, zile ambazo watu wamezichapa kwenye matangazo, vipeperushi na marejeo.

Tim Berners-Lee, aliyebuni wavuti, aliandika tangu 1998 kwamba anwani nzuri ni ile isiyobadilika. Tukubaliane kwamba taasisi zetu zitabadilisha tu, majina na mifumo mipya haviishi. Kwa hiyo siku ukikabidhiwa kazi hiyo, iwe tovuti ya serikali ya wanafunzi au ya shule ya sekondari utakayopangiwa, tembea kwanza kwenye mbao za matangazo, nakili anwani zote zilizobandikwa, kisha zipime moja moja. Mdogo wangu bado analo lile daftari. Anwani ameiandika vizuri kabisa, hakuna herufi hata moja aliyokosea.